Pikipiki ya Kwenda Gehandu

Msafiri atokaye Arusha kwenda Babati siku hizi hana sababu ya kunung'unika. Lami imenyooka kupitia Makuyuni na Minjingu, maji ya Ziwa Manyara yakimeta kwa mbali mkono wa kulia, na kabla mtu hajachoka kukaa, amekwisha kuingia Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji huu ni njia panda. Barabara moja huelekea Kondoa na Dodoma, kilometa 251 za lami zilizofunguliwa rasmi mwaka 2018. Nyingine hushika upande wa Singida kupitia Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417. Hapo ndipo mgeni hudanganyika akadhani kwamba nchi yote ya huko hupitika kwa raha namna hiyo.

Gehandu ni habari nyingine. Ni nchi ya Mbulu na Hanang, nchi ya juu, nchi ya upepo. Kwa aendaye upande wa Mbulu, pale Dareda gari huiacha barabara ya Singida na kuanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, hata masikio yakaziba. Ukifika juu unakutana na baridi, mashamba ya mahindi, alizeti na vitunguu swaumu, makundi ya ng'ombe, na njia nyembamba zisizo na idadi zinazotoka boma hili kwenda boma lile. Hata pale barabara kubwa zinapoendelea kutengenezwa, njia hizi za nyumba kwa nyumba zimebaki kuwa za udongo. Wakati wa kiangazi udongo huo ni vumbi linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mvua zikinyesha, huwa kama sabuni iliyolowa. Na mabondeni, penye udongo mweusi wa mbuga, gurudumu hushikwa na tope mpaka likakataa kuzunguka.

Watu wake ni Wairaqw, ambao wengine tumezoea kuwaita Wambulu, pamoja na Wabarbaig na majirani zao Wanyiramba na Wanyisanzu. Na ukiteremka Bonde la Yaeda utawakuta Wahadzabe. Wataalamu wa lugha hupenda sana sehemu hii, kwa kuwa lugha zake hazina nasaba moja: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kinyiramba cha Kibantu, na Kihadza hakijapatiwa ndugu hadi leo. Mgeni asiye mtaalamu huona tu kwamba mnadani watu wote wanaelewana vizuri kwa Kiswahili, hasa inapofika kwenye bei.

Kwa muda mrefu chombo cha nchi hii kilikuwa punda. Bado yupo, na bado anaheshimiwa. Lakini pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi yake. Hubeba magunia ya vitunguu swaumu, madumu ya maziwa, mwalimu aendaye kufundisha, mama mjamzito anayewahishwa zahanati, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa Haydom katika hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Nimemwona mbuzi akisafirishwa mapajani mwa abiria, naye ametulia kuliko abiria wengi wa basi.

MAFAHALI WATATU

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni bwana mifugo. Alistaafu kazi ya serikali, lakini ng'ombe wa Gehandu hawakupata habari hiyo. Alfajiri simu hulia: ndama ana ndigana, ng'ombe ameshindwa kuzaa, kuku wameanza kufa kwa mdondo. Naye hutoka, kwani ndiyo kazi aijuayo, na wafugaji humlipa chochote walichonacho. Alipokuwa mtumishi alipewa pikipiki ya kazi, Yamaha AG 100, ambayo wazee wengi wa ugani wanaikumbuka: mashine nyepesi, ya injini ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, yenye keria mbele na nyuma na cheni iliyofunikwa isiingie matope. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, na jina lake lenyewe latokana na neno la Kiingereza la kilimo. Alipostaafu aliirudisha, kama ilivyo haki. Tangu hapo alikuwa akikodi bodaboda, na mara nyingine nauli ilimeza malipo yote ya siku.

Hatimaye aliamua kununua yake. Aliuza mafahali watatu mnadani, akaongeza sehemu ya kiinua mgongo iliyobaki baada ya kuezeka nyumba, ikawa shilingi 3,600,000. Si fedha ndogo kwa mtu wa kijijini, na haikuwa fedha iliyokosa kazi. Kitinda mimba wao alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano mwezi Julai, naye alihitaji godoro, sare, ndoo na nauli ya mbali. Dada yangu aliyatamka wazi tulipokuwa tunaagana, "Mkiizamisha hiyo fedha, mtoto ataondoka na begi tupu." Kisha akanigeukia mimi, "Nawe ndugu yangu, umsaidie kuona. Huyu akipenda kitu huwa haoni tena."

Basi tukaenda Arusha, kwa kuwa alisikia kwamba huko maduka ni makubwa na uchaguzi ni mpana.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba uchaguzi ulikuwa jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, magari na pikipiki ziliagizwa kupitia Shirika la Magari la Taifa, na mnunuzi hakwenda dukani bali alikwenda ofisini. Alihitaji kibali. Aliyekipata hakuuliza rangi. Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango kwa mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa nje, na mlango huo ukazidi kupanuka. Baada ya mwaka 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zikamiminika, na mwaka 2010 serikali ikaweka kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria. Kibali kimekwisha. Badala yake umekuja ugonjwa wa namna nyingine: mtu huingia dukani akijua anachohitaji, akatoka na kile kilichokuwa kinang'aa.

FARASI WA CHUMA

Duka la kwanza lilikuwa na sakafu ya vigae na kiyoyozi. Katikati, juu ya jukwaa, ilisimama pikipiki ndefu ya safari: tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe, pua iliyochongoka, shokapu ndefu, masanduku mawili ya bati pembeni. Kijana wa mauzo, mwenye shati jeupe na adabu nyingi, alimwambia shemeji yangu, "Karibu, mzee wangu. Hii ndiyo ya barabara zenu za Mbulu. Panda, mzee, panda."

Mzee akapanda. Alikaa pale juu, vidole vya miguu vikigusa sakafu kwa shida, akaushika usukani kwa mikono miwili, na nikauona uso ambao dada yangu alinionya kuuhusu.

Hapa napenda kueleza kidogo asili ya pikipiki za namna hii, maana umbo lake halikutungwa kwa ajili ya mapambo. Mwezi Desemba mwaka 1978 kundi la waendeshaji liliondoka Paris kushindana kuvuka jangwa la Sahara hadi Dakar, Senegal, na mashindano hayo yalipomalizika Januari 1979 mshindi wa pikipiki alikuwa Mfaransa Cyril Neveu, aliyeendesha Yamaha XT 500. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa R 80 G/S, yenye injini ya sentimita za ujazo karibu 800, ambayo herufi zake mbili za mwisho zina maana ya nyika na barabara. Mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo Dakar. Tangu hapo viwanda vingi vimeiga: matangi makubwa kwa sababu jangwani hakuna kituo cha mafuta, miguu mirefu kwa sababu ya mawe na mchanga. Watalii huzipitisha Babati wakitoka Cairo kwenda Rasi ya Tumaini Jema, na watoto huzikimbilia.

Lakini washindani wale wakubwa hawakuwa peke yao jangwani. Nyuma yao zilikuja lori zilizojaa mafundi, matairi na vipuri, na usiku wao walipolala, mafundi walikesha. Tena pikipiki hizi ni nzito. BMW R 1250 GS iliyotoka mwaka 2018 ina kilo 249 hata kabla ya kufungiwa mzigo. Ikilala barabarani Ulaya, wapita njia watakusaidia kuiinua. Ikilala juu ya mguu wako katika korongo la Gehandu saa mbili usiku, msaada wako ni fisi.

Hiyo iliyokuwa jukwaani haikuwa nzito kiasi hicho, ila bei yake ilipita shilingi milioni 12. Nilidhani bei ingemshusha shemeji yangu. Haikumshusha, kwa sababu yule kijana alikuwa na jibu tayari, "Mzee, tanguliza hizo ulizo nazo. Zilizobaki utalipa taratibu, miezi 24 tu." Na shemeji yangu, mtu mwenye akili zake, akaanza kuhesabu kwa vidole ni ng'ombe wangapi angewatibu kwa mwezi.

Ndipo nilipompigia simu dada yangu nikampa mumewe azungumze naye. Hakumgombeza. Alimwuliza swali moja, na kwa kuwa simu ile ilikuwa na sauti kubwa sote tulilisikia, "Baba, ikiharibika huku Gehandu, ataitengeneza nani?"

Shemeji yangu alimgeukia kijana na kumwuliza swali hilo hilo. Kijana, na ninamsifu kwa ukweli wake, alisema vipuri vingi huagizwa kutoka nje na huchukua majuma sita au manane, na kwamba matengenezo sharti yafanyike dukani kwao Arusha ili dhamana isivunjike. Shemeji akateremka. Aliifuta vumbi tangi kwa mkono wa koti, ingawa halikuwa na vumbi lolote, tukatoka nje kwenye jua.

Siku ile ile tuliangalia pikipiki iliyokwisha kutumika, ya Kijapani, ndefu na nyepesi, ambayo kwa kazi ya milimani ingefaa sana. Injini iliwaka kwa kiki ya kwanza. Lakini shemeji yangu, ambaye amesoma alama za ng'ombe maisha yake yote, alipangusa grisi kwa kidole penye namba ya fremu, akaona mahali pamekwaruzwa kwa tupa. Mtu anayejua ng'ombe wa wizi haulizi maswali mengi. Tulishukuru, tukaaga.

BABATI

Ushauri wangu kwa ndugu msomaji anayetaka kununua pikipiki ya kwenda kijijini ni kwamba aanze kuitafuta karibu na kijiji. Tulirudi Babati. Kabla ya kuingia duka lolote, shemeji yangu alikwenda kwanza kwa mafundi na kwa wauza vipuri, akawauliza wanauza nini kila siku. Jibu lilikuwa moja: pikipiki za India, hasa Boxer ya kampuni ya Bajaj na zile za TVS. Plagi, waya wa klachi, sproketi, viatu vya breki, vyote vilining'inia ukutani kama vitunguu. Dongobesh vipo, Haydom vipo, Katesh vipo. Fundi mmoja alituambia kwamba Boxer anaweza kuifungua injini yake gizani. Aliongeza kwamba amewahi kufanya hivyo, na kwamba hapendi kurudia.

Kulikuwa na mambo ya kupima. Hewa ya milimani ni nyepesi, na kila mita 1,000 za kupanda huipunguzia injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa takriban sehemu 1 katika 10 ya nguvu zake. Hivyo pikipiki ndogo inayofaa kwa Dar es Salaam huweza kuhema vibaya ikifika Mbulu na mtu nyuma na gunia mbele. Shemeji yangu akaiacha ya sentimita za ujazo 100 akachagua ya 150, yenye uzito wa kama kilo 120, ambayo mtu mmoja mwenye afya huweza kuiinua ikianguka. Aliangalia kama ina kiki pamoja na stata, kwa kuwa betri hufa na bonde halingoji. Alikataa rimu za kumiminwa akataka za spoku, kwa sababu spoku iliyopinda hunyooshwa kijijini, bali rimu iliyopasuka hutupwa.

Duka moja lilimpa habari njema: kutanguliza shilingi 800,000 na kulipa shilingi 75,000 kila juma kwa majuma 52. Ilisikika kama zawadi. Nikachukua kalamu. Marejesho peke yake ni shilingi 3,900,000. Ukijumlisha na kianzio inakuwa 4,700,000, kwa pikipiki ambayo kwa fedha taslimu duka hilo hilo liliiuza 3,250,000. Tofauti ni shilingi 1,450,000, yaani fahali na nusu, kwa bei aliyouzia yeye.

Wenye kulazimika wapo, wala siwacheki. Nje ya duka lile tulizungumza na kijana wa bodaboda aliyekuwa na mkataba na tajiri wake: shilingi 10,000 kila siku, siku 6 kwa juma, kwa mwaka 1 na miezi 3, ndipo pikipiki iwe yake. Hizo ni karibu shilingi 3,900,000. Akiugua, deni haliugui. Akichelewesha siku kadhaa, tajiri huja kuichukua, na alizolipa zimekwenda. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Alisema haendeshi usiku tena tangu alipobakiza miezi sita, kwa kuogopa kuibiwa kitu ambacho bado si chake. Alituonyesha daftari lake la malipo, kila ukurasa umetiwa sahihi, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya kiti.

Ugomvi wetu haukuwa juu ya bei. Katika duka tulilolipendelea, baada ya kupatana kwa shilingi 3,150,000 pamoja na kofia ngumu mbili, mwenye duka alitaka fedha zote siku hiyo na akasema kadi ya usajili ingefuata. Lini? "Hivi karibuni, mzee, wala usiwe na wasiwasi." Shemeji yangu alikuwa na wasiwasi. Kadi ndiyo mali. Bila kadi yenye jina lako, pikipiki ikiibiwa huna la kumwonyesha polisi, ukitaka kuiuza huna la kumwonyesha mnunuzi, na trafiki akikusimamisha unabaki kueleza maisha yako. Tena tuliwahi kusikia ya mtu aliyelipa akapewa namba, lakini kadi ikabaki na jina la mtu mwingine mwaka mzima.

Basi shemeji akasema kwa upole, kama anavyosema na ng'ombe asiyetaka sindano, "Mwanangu, mimi nitalipa 500,000 leo unipe risiti ya mashine. Kadi ikitoka na jina langu, nitalipa zote zilizobaki hapo hapo, na kijana wako atanizungusha mjini nikiwa nimevaa kofia yako."

Mwenye duka alikasirika. Akasema kwamba watu wengine wote hulipa, kwamba kuna mteja mwingine anaitaka pikipiki ile ile, kwamba bei itapanda. Tukakaa kwenye benchi nje tukanunua mahindi ya kuchoma. Baada ya kama saa moja hivi alituita ndani. Zilipita siku nne, ambazo tulilala kwa jamaa zetu tukala ugali wao bila aibu. Siku ya nne kadi ikapatikana. Shemeji yangu alipiga magoti penye fremu, akasoma namba kwa sauti tarakimu moja moja, nami nikizifuata kwenye kadi. Halafu namba ya injini vivyo hivyo. Mwenye duka akacheka, na mwisho naye akawa anasoma pamoja nasi. Kibao chake kilianza na zile herufi MC za pikipiki za watu binafsi za nchi yetu. Bima ilikatwa siku hiyo hiyo. Leseni ya udereva wa pikipiki alikuwa nayo tangu kazini.

KUPANDA DAREDA

Mimi sikupanda nyuma. Injini mpya haipaswi kubebeshwa watu wawili mlimani, na shemeji alisisitiza kuzilea kilometa 500 za kwanza bila kuikimbiza. Nilipanda basi na begi lake na galoni ya oili, yeye akatangulia alfajiri. Tulimpita kwenye kona ya tatu ya ukuta wa Dareda. Alikuwa amesimama kando, injini ameizima ipoe, anakula ndizi na kuangalia bonde lote la Babati chini yake. Alitupungia mkono kama waziri.

Dada yangu aliizunguka pikipiki mara mbili pasipo kusema neno. Kisha akauliza zimebaki kiasi gani. Zilikuwa zimebaki shilingi 310,000 baada ya bima, nauli na chakula. Alizihesabu mwenyewe, akazifunga kwenye kanga. "Hizi ni za godoro," akasema. Kisha akajaribu ile kofia ya pili na kuamua ni yake. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na kofia kwa mpanda pikipiki si hiari. Lakini huko vijijini ukimwona abiria aliyevaa, ujue ni mgeni au ni dada yangu.

Siku zilizofuata niliona kazi iliyobaki. Pikipiki ya safari niliyoiona Arusha ilikuwa imekamilika kiwandani. Hii ilikamilishwa chini ya mti. Fundi wa jirani, kijana ambaye hajafika miaka 30, aliifungia keria ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, ya kubebea kisanduku cha chanjo na bomba la dawa ya kupe. Aliweka ngao mbele ya injini ili ikianguka isipasuke. Alibadilisha shokapu za nyuma akaweka ngumu zaidi. Sproketi ya nyuma aliitoa, akatia yenye meno mengi zaidi, ili pikipiki ipungukiwe mbio lakini ipande. Na kabureta akairekebisha kwa bisibisi, akisikiliza, kichwa ameinamisha kama daktari. Kwa yote hayo alitoza shilingi 140,000, akapokea nusu, nusu nyingine wakakubaliana ilipwe kwa kuwachanja ng'ombe wa baba yake.

Nilikwenda naye mara moja kwenye maboma, nimevaa kofia ya dada. Tulivuka makorongo mawili ambayo gari la abiria lisingethubutu. Katika la pili tulianguka, polepole, kama watu wanaokaa chini. Akainuka, akaiinua pikipiki peke yake, akapiga kiki, ikawaka. Kwenye boma la mzee mmoja wa Kibarbaig kulikuwa na ng'ombe aliyelala tangu usiku, ndama amekwama ubavu. Ilimchukua bwana mifugo karibu saa nzima, mkono umezama hadi begani. Ndama alitoka hai. Mzee yule alitazama saa, akatazama pikipiki, kisha akasema kwamba juzi ng'ombe mwingine alikufa saa kama hiyo, na bodaboda aliyetumwa kumwita bwana mifugo alikuwa bado yuko mnadani.

Tulilipwa maziwa lita 5 na ahadi. Maziwa yalifika nyumbani yote, maana keria ilishika vizuri.

Nilipoondoka Gehandu mvua zilikuwa zimekaribia, na shemeji yangu alikuwa hajapata tairi ya nyuma yenye meno makubwa. Mwenye duka mmoja wa Dongobesh alimwahidi kuileta siku ya mnada, kwa bei ambayo dada yangu bado hajaambiwa.